Nani Katafsiri?

Kwa basi, Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300. Unapita Uyole, Igawa, Makambako na Mafinga, na ukishuka nusu ya siku imekwenda. Lakini katika filamu ya Stargate ya mwaka 1994, watu wanaingia kwenye pete kubwa iliyofukuliwa Misri na papo hapo wanatokea sayari nyingine. Pete hiyo ina alama 39. Ili lango lifunguke unahitaji saba: sita za kule uendako, na ya saba ya pale unapoanzia.

Nimeifikiria sana hiyo alama ya saba kila ninapowasikiliza mafundi wanaotutafsiria filamu. Kujua Kiingereza, Kihindi au Kichina ni kujua uendako. Wasomi wengi wanaweza hilo. Fundi anajua pia pale mtazamaji alipokaa: kwenye kibanda umiza, juu ya benchi la mbao, katoka sokoni, na baridi ya Juni inapenya kwenye mabati. Akitaja jeshi la adui anajua lifananishwe na nini ili benchi zima licheke, na anajua pa kuacha utani.

Hapa nchini aliyeipa kazi hii jina ni Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, ambaye kanda zake zilisambaa mbali kutoka Dar es Salaam. Kenya wanaye DJ Afro, Uganda VJ Jingo. Mizizi ni mirefu zaidi: mwaka 1935 mradi wa sinema wa Waingereza ulioweka makao Vugiri, Tanga, ulianza kutengeneza filamu ambazo maneno yake yalipigwa kwenye sahani za santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine, na gari lake likazizungusha Afrika Mashariki hadi Nyasaland. Lakini sahani haimwoni mtazamaji.

Kazi yenyewe ni ya mikono na masikio. Fundi anashusha sauti ya filamu, anaingia na sentensi yake, anaipandisha tena kabla bunduki haijalia. Mwigizaji akisema maneno ishirini kwa pumzi moja, fundi ana nafasi ya manane. Yale kumi na mawili yaliyobaki lazima yaingie kwenye toni.

Nilimsikia fundi mmoja pale Mwanjelwa, Mbeya, akiitafsiri Stargate. Shujaa wake, Daniel Jackson, ni msomi wa lugha za kale, na watu anaowakuta kwenye sayari ile wanazungumza Kimisri cha zamani, ambacho watengenezaji walisaidiwa kukiunda na mtaalamu wa historia ya Misri, Stuart Tyson Smith. Fundi wa kubahatisha angejaza maneno pale. Huyu alisema tu, “Jamaa haelewi kitu. Na sisi tusubiri,” akanyamaza. Kibanda kizima kikabaki kwenye fumbo pamoja na Jackson, hadi alipoanza kusoma maandishi ukutani na kushika matamshi. Hapo ndipo Kiswahili kiliporudi. Kwangu huo ndio ufundi wenyewe, na siuoni ukisifiwa mahali popote.

Tamthilia iliyofuata, Stargate SG-1, ilirushwa kuanzia 1997 hadi 2007, na humo karibu kila sayari inazungumza Kiingereza. Sababu inaeleweka, kwani hadithi ya dakika arobaini na ushee haiwezi kutumia nusu yake kutafuta lugha. Ila utamu ule wa kusubiri uliondoka.

Wapo wanaodai watafsiri huharibu filamu kwa kuongeza chumvi. Wengine kweli huharibu, kama kulivyo na mafundi seremala wabovu. Hilo halimpunguzii kitu aliye bora, na wateja wanajua kutofautisha. Nenda kwenye duka la filamu, iwe Mwanjelwa au Miyomboni pale Iringa. Mtu anashika filamu mpya, na kabla hajauliza kacheza nani, anauliza nani katafsiri; akitajiwa asiyemkubali, anairudisha kwenye rafu.