Gudulia la Maua na Mtungi Mtupu

Mkuyuni, katika miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, mito ni mingi, walakini maji ya baridi wakati wa adhuhuri ni neema ya pekee. Mwenyeji wa hapo akiwekewa mbele yake gudulia lililopakwa maua mekundu na samawati kwa mkono, na kando yake mtungi wa udongo usio na rangi, jicho lake litakimbilia gudulia. Je, jicho hilo limehukumu kwa haki?

Mtungi mtupu hupumua. Maji hupenya polepole katika vitundu vya udongo, hufika nje, hugeuka mvuke, na mvuke ukiondoka huchukua sehemu ya joto la maji yaliyobaki ndani. Gudulia la asili hufanya kazi iyo hiyo. Likipakwa rangi nzito yenye kung'aa kama kioo, vitundu huzibwa, na maji hubaki na uvuguvugu wake. Ua limenunuliwa kwa baridi. Wahenga walikwisha sema: uzuri wa mkakasi ukipata maji basi.

Nakshi ya mfinyanzi ni ya namna nyingine. Huchorwa udongo ungali mbichi, kisha huingia motoni pamoja na chombo. Haibanduki wala haizibi. Vigae vyenye pembetatu zilizochorwa hivyo, vya milenia ya kwanza baada ya Kristo, ambavyo Felix Chami alivichunguza katika kitabu chake cha 1994, vimepatikana pwani na bara, hata Dakawa, kaskazini ya mji wa Morogoro.

Mwaka 1955 Mortimer Wheeler alinena kwamba historia ya Tanganyika iliyofukiwa ardhini, tangu karne ya 10, imeandikwa kwa kauri za Kichina. Neno hilo ni zuri, lakini ni nusu ya kweli. Aliyesoma kauri peke yake ameruka kurasa nyingi zilizochorwa katika udongo wa nchi yenyewe.

Hata hivyo ua halina hatia. Bakuli za Kichina zilizopachikwa katika nguzo za makaburi ya Kunduchi zilikuwa mahali pake: ziliwekwa zitazamwe, wala hakuna aliyeziomba maji. Kosa ni la mhakiki apimaye mtungi kwa mizani ya kauri, kisha akauita kitu cha jikoni tu.

Mashairi nayo hupimwa vivyo hivyo. Yako ambayo vina vyake vimechorwa katika wazo lingali bichi, vikaiva nalo. Na yako yaliyopakwa maneno ya fahari baada ya kukauka, hata maana isipate pa kutokea. Mbele ya chombo cha maji, mhakiki na anywe kwanza, ndipo atazame.