Ujiji: nani alisalimia kwanza?

Sisi watu wa Dar tunaijua Kigoma kwa dagaa, mawese na wasanii wa Bongo Fleva. Mwambie mtu wa Tandika unakwenda huko, atakujibu "mwisho wa reli", basi, maongezi yameisha. Wasomaji wa vitabu nao wana Kigoma yao, na hiyo ndiyo inayonikera zaidi, maana wameubana mji mzima wa Ujiji ndani ya sentensi moja ya Kiingereza.

Sentensi yenyewe mnaijua. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa New York Herald, anamkuta Livingstone Ujiji, anavua kofia, anamsalimia. Ukitembelea Ujiji leo, vilima nyuma yako na milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, utaoneshwa mnara, miembe inayosemekana ni uzao wa ule wa zamani, na sanamu za wale wazungu wawili wakikutana.

Hata salamu hiyo ina mashaka. Tim Jeal, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu maisha ya Stanley, anaonesha kuwa kurasa za shajara za tukio lile zilichanwa, na anaamini maneno yale yalitungwa baadaye. Sisi waandishi wa habari hatushangai sana. Nukuu nzuri mno huwa inatiliwa shaka hata kwenye chumba cha habari.

Lakini tumwamini Stanley, tukisome taratibu kitabu chake cha 1872, How I Found Livingstone. Msafara unaingia mjini kwa milio ya bunduki. Watu wanamiminika, Wajiji, Wanyamwezi, Waswahili, Waarabu, wanamsalimia kwa Kiswahili. Halafu katikati ya umati mtu anamsalimia kwa Kiingereza. Stanley anageuka, ameshtuka, anauliza kwa ukali kidogo wewe ni nani. Ni Susi, mtumishi wa Livingstone.

Yaani, kwa ushahidi wa Stanley mwenyewe, Kiingereza cha kwanza alichopokelewa nacho Ujiji kilitoka kwa Mwafrika! Na angalia Susi anavyoandikwa. Anatimua mbio kumpasha daktari habari. Daktari haamini, anauliza jina la mgeni, Susi hana jibu, inabidi akimbie tena kurudi kwa Stanley kuuliza. Katika sura nzima huyu ndiye mhusika aliye hai. Wale wazungu wawili wanasimama na kuvuliana kofia, yeye ndiye anayeibeba hadithi kwa miguu yake. Stanley aliijua kazi yake, alimwandika vizuri. Waliokuja baadaye ndio waliomkata kwenye picha. Huyo huyo Susi, pamoja na Chuma na wenzao, alikuja kuubeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

Dawa ya kawaida ni kuambiwa tusome cha kwetu, na cha kwetu kipo: Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili. Ni nathari kavu, na mimi naipenda kwa ukavu wake. Hakuna machweo wala pazia la milima. Kuna bei, madeni, bunduki, pembe za ndovu, na nani alimdhulumu nani. Stanley anaingia humo kama mzungu mmojawapo mwenye shida na mzigo. Ila jamani, tusijidanganye. Huyu alikuwa mfanyabiashara ya watumwa, na waliofungwa kamba shingoni hawana majina kwake. Kwa hilo anamzidi hata Stanley, ambaye angalau Susi alimpa sentensi ya kusema.

Kutoka Dar hadi Kigoma kwa treni ni zaidi ya kilomita 1,200, muda wa kusoma upo. Mimi ningeanza na Stanley mpaka pale Susi anapokuja mbio mara ya pili, nikifunge kitabu, nimshike Tippu Tip kabla ya Tabora.