Vita vya Tanga Juu ya Meza

Wako watu katika Uingereza, Marekani na nchi nyingine ambao, wakiisha kazi zao za mchana, hukutana kuizunguka meza kubwa, na juu ya meza hiyo hupanga askari wadogo wa risasi au wa plastiki. Walio wengi katika askari hao urefu wao ni milimita 28, yaani kama pingili ya kidole gumba. Huwapaka rangi kwa brashi nyembamba, hata vifungo vya koti vikaonekana. Huwatengenezea vilima, miti na nyumba, kisha huvipigana tena vita vilivyopiganwa zamani. Mmoja hushika upande huu, mwenzake upande ule; hupima mwendo wa askari kwa rula, na hutupa dado wapate kujua nani amepigwa. Wala si mchezo wa watoto. Wengi wao ni watu wazima wenye mvi, na vitabu vya kanuni zake ni vingi. Sisi hatuwacheki. Aliyezoea kuwaona wazee wetu wakikaa kutwa mbele ya bao, wakilana kete kwa makelele, hana haki ya kuustaajabia mchezo huu.

Twauandika kwa sababu miongoni mwa vita vinavyopangwa mezani namna hii vimo vita vya Tanga vya Novemba 1914, na vita vile ni vyetu. Reli iliyovitia nguvu hupita chini ya milima yetu ya Usambara. Basi tumesoma kanuni, tumetazama picha za meza zenyewe, na twapenda kusema lililo jema na lililopungua.

Asili ya mchezo ni mafunzo ya askari. Katika mwaka wa 1824 afisa mmoja wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za vita vya kuchezwa juu ya ramani, na maafisa wa Wadachi wakafunzwa kwazo. Kisha mwaka wa 1913 Bwana H. G. Wells, mwandishi wa Kiingereza, alichapisha kitabu kidogo kiitwacho Little Wars, akaeleza jinsi ya kupigana sakafuni kwa askari wa risasi na mizinga midogo yenye kurusha vipande vya mti. Bwana Wells hakuwa mpenda vita. Mwishoni mwa kitabu chake aonya kwamba aliyejaribu vita vidogo ataona jinsi vita vikubwa vilivyo jambo la upuzi. Kitabu kile hakijapata miaka miwili, manowari ya Kiingereza iitwayo Fox ikasimama mbele ya bandari ya Tanga.

Lililo jema katika meza ya Tanga ni kwamba huonyesha sababu. Waingereza walikuja na watu wapatao 8,000, wengi wao askari wa Kihindi, chini ya Jenerali Aitken. Wadachi chini ya von Lettow-Vorbeck walikuwa wapata 1,000 tu, na wengi wao walikuwa askari Waafrika. Mwanafunzi akisoma hesabu hiyo kitabuni, hudhani mambo ya mwujiza. Mezani haoni mwujiza, huona gari la moshi. Mpangaji mwema huweka reli upande mmoja, na askari wa Wadachi huingia kundi baada ya kundi, kadiri waletwavyo kutoka Moshi, mwendo wa kilomita kama 350. Siku ya tarehe 2 hawapo ila wachache. Nahodha wa Fox atoa taarifa mjini kwanza, apoteza muda kwa hofu ya mabomu ya baharini, na watu washushwa Ras Kasone, mbali na mji, usiku. Tarehe 3 shambulio la kwanza larudishwa. Tarehe 4, jeshi lote lisongapo mbele kupitia mashamba ya mpira na ya mahindi, gari la moshi limekwisha fanya kazi yake. Mchezaji ashikaye upande wa Waingereza aona kwa macho yake kila saa aliyoipoteza ikigeuka bombom mbele yake. Hatujui kitabu cha shule kinachofundisha jambo hili upesi hivi.

Walakini meza ina kosa ambalo ni gumu kuliponya. Mchezaji husimama juu, huona yote kama tai. Aitken hakuona kitu. Wala hakutuma wapelelezi ipasavyo. Na jioni ya tarehe 4 lilitukia jambo ambalo mezani haliwezekani kabisa. Tarumbeta ilieleweka vibaya, na makundi ya Wadachi yakarudi nyuma hata kambi yao magharibi ya mji. Usiku ule Tanga ilikuwa tupu, haina mlinzi, wala Waingereza hawakujua. Nao kesho yake wakarudi merikebuni, wakaacha bombom 16 na risasi zaidi ya nusu milioni. Ni mchezaji gani angeliacha mji mtupu ulio mbele ya macho yake? Wengine hujaribu kuponya kosa hili kwa kuweka msuluhishi ambaye peke yake hujua mahali walipo wote, na wachezaji hukaa vyumba mbalimbali wakiletewa habari kwa karatasi. Twaona hiyo ndiyo njia bora, ijapokuwa ni ya taabu.

Kisha wako nyuki. Lugha yetu yaita mzinga kile chombo cha nyuki na kile cha vita, na siku ile vyote viwili vilitumika: nyuki wenye ghadhabu, walioshtuliwa na risasi, waliwatoka watu na kuwatawanya. Watu huvumisha kwamba Wadachi waliwatega kwa makusudi. Si kweli, maana nyuki hawakuchagua bendera, na wapigaji bombom wa Wadachi nao waliumwa. Mezani nyuki wamekuwa kichekesho kinachopendwa kuliko vyote. Hatukatazi kucheka. Lakini upande wa Waingereza ulipoteza watu zaidi ya 800 kwa kuuawa, kujeruhiwa au kupotea, na upande wa pili waliuawa Wadachi wapata 15 na askari wao wapata 50. Nao karibu wote walipigwa na risasi.

Tufike sasa kwenye jambo linalotuuma. Sanamu za wapagazi zapatikana. Hutengenezwa vizuri, mzigo kichwani, mguu mmoja mbele. Lakini mara nyingi hupangwa nyuma kama pambo, au kama mali ya kutekwa. Kanuni huwahesabu walioshika bunduki. Kwa mapigano ya siku tatu yaliyo karibu na reli, kama Tanga, kosa hili lavumilika. Siku hizi wako wanaopanga vita vyote vya 1914 hata 1918, na hapo halivumiliki. Mwaka wa 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliteremka kando ya reli yetu, na mwezi wa Juni yakaingia Lushoto, ambayo Wadachi waliiita Wilhelmstal. Toka Mombo hata Handeni palikuwa na njia ndogo ya vigari vilivyosukumwa kwa mikono ya watu. Mbele ya Handeni hapakuwa na kitu ila vichwa vya watu. Waingereza peke yao waliandika wapagazi wapata milioni moja katika vita hivyo. Waliokufa walizidi 95,000 kwa hesabu zilizoandikwa, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam ni ukumbusho wao.

Asije mtu akasema kwamba mambo haya hayafai kwa mchezo kwa kuwa hayana shabaha. Ni hesabu, na meza yapenda hesabu. Tukadirie mzigo wa mpagazi kuwa kilo 27, na chakula chake kilo moja kwa siku. Akienda mwendo wa siku tano na kurudi siku tano, amekula kumi, amefikisha kumi na saba. Akienda siku kumi na kurudi kumi, amefikisha saba. Akienda siku kumi na nne, hafikishi kitu, na njiani kurudi atalala na njaa. Hapo mchezaji ashikaye upande wa Smuts atafahamu kwa nini mshindi huyo alisimama mara kwa mara wakati adui alipokimbia mbele yake.

Shuleni petu hatuna askari wa milimita 28, nao ni ghali. Lakini mchanga upo, na vijiti vya reli vipo. Mahindi yatosha kuwa askari, punje moja kwa watu ishirini: hamsini kwa von Lettow-Vorbeck, mia nne kwa Aitken. Kwa wapagazi tumechagua maharagwe, ambayo kwa kipimo hicho hicho yatakuwa elfu hamsini. Darasa la sita wameanza kuyahesabu.