Siku Besi Walipopewa Sauti ya Kwanza

Mwalimu wetu wa kwaya alipofiwa na rafiki yake, besi aliyeimba naye tangu darasa la kipaimara, hakutunga wimbo mpya. Wengi hutunga: hutaja jina la marehemu, tarehe aliyolazwa na watoto aliowaacha, na matanga yakiisha wimbo nao umekwisha. Yeye alichukua "Yesu Kwetu ni Rafiki", utenzi ambao hata asiyekwenda kanisani anaujua, akakaa nao jioni baada ya jioni na penseli, ufutio na kinanda chakavu. Mimi ni teno. Nilikwenda kumtazama kwa sababu naona raha kumtazama mtu anayejua kufuta.

Maneno ya asili ni ya Joseph Scriven, Mwairishi aliyehamia Kanada, aliyeyaandika mwaka 1855 kumfariji mama yake. Tuni ni ya Charles Converse, Mmarekani aliyekuwa mwanasheria, na ni ya mwaka 1868. Imejengwa kwa uchache wa ajabu. Ina mistari minne. Wa pili na wa nne ni uleule, na wa kwanza unatofautiana nao mwishoni tu. Katika mstari wa kwanza hamna fa wala ti. Kitu kitupu kiasi hicho ni rahisi kukiharibu kwa mapambo.

Wazo la Mwalimu lilikuwa moja. Marehemu, fundi seremala wa maneno machache, hakuwahi kuimba tuni hii kanisani. Besi hupewa do, fa na so, basi. Kwa hiyo katika ubeti wa pili besi wangeimba sauti ya kwanza, na sisi wengine tungewafuata.

Kusema ni rahisi. Tuni inaanzia kwenye so, na so ikiwa ndiyo sauti ya chini kabisa, nyingine zote juu yake hazitulii. Ni kama mtu aliyesimama kwa mguu mmoja. Mwalimu alifuta mara nyingi hapo. Mwishowe akashusha ufunguo hatua nzima kutoka F, akatutuma sisi teno chini ya besi, tushike do wakati wao wanapanda so, so, la, so. Wakianza kushuka tunakutana nao kwenye do, kisha sisi tunapanda na wao wanaendelea kwenda chini.

Manung'uniko yalianza siku ya kwanza ya mazoezi.

"Mwalimu, leo teno tumekuwa besi?"

"Kaeni hapo hapo. Anayepanda lazima awe na pa kukanyagia."

Besi wanapofika la ya chini, kitabu kina fa-la-do. Yeye aliandika la-do-mi, na ghafla pakawa na kivuli. Kinakuja mara moja tu. Nilimwomba akirudishe mwishoni, maana kilikuwa kitamu mno, akakataa: "Ukirudia, watu watajua unataka walie." Nadhani hapo ndipo nilipoelewa ufundi wake uko wapi.

Mstari wa tatu unaanza re, de, re. Hiyo de ndiyo noti pekee ya kigeni katika tuni nzima, na kwaya nyingi nilizosikia huinyoosha ikawa re tatu mfululizo. Mwalimu aliwaacha besi waiimbe karibu peke yao, wengine tukivuma midomo imefungwa. Hata alto aliwaondoa kwenye re ili de isigombane na mtu. Walirudia na kurudia hadi ikasikika kama ilivyoandikwa.

Kuna pia suala la mkazo. Tuni ilitungiwa Kiingereza, na kila nusu ya pili ya mstari inatua kwa uzito kwenye silabi ya saba, noti ndefu kuliko zote. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tumezoea kuikazia silabi ambayo tukizungumza tunaipitia kwa wepesi. Hakubadilisha noti. Alitutaka tujaze pumzi kwenye silabi ya sita na kuilegeza ya saba, na maneno tuliyoyaimba tangu Shule ya Jumapili yakawa yanasemwa.

Ubeti wa tatu aliuacha ulivyo kitabuni, sauti kila moja mahali pake. Katika ibada ya kumbukumbu alitaka usharika mzima uimbe, na usharika hauwezi kuimba kitu ambacho umekisikia dakika mbili zilizopita.

Kwaya ya jirani iliomba nakala. Aliinakili kwa mkono, solfa safi, mistari ya pigo imenyooka kwa rula, na pembeni mwa ubeti wa pili akaongeza maelezo: teno wasipoifikia do ya chini, msipandishe ufunguo, tafuteni teno wengine.