Michezo Inayotibu

Mchezo wa tiba huanzia kwenye kilichopotea. Kabla ya rangi, sauti au hadithi, mbunifu huuliza mgonjwa amepungukiwa na nini: umakini, kumbukumbu au nguvu ya kidole gumba. Ufukweni mwa Ziwa Victoria jibu mara nyingi hurudi kwenye malaria. Kisian, pale barabara ya Bondo inapochepuka kutoka ile ya Kisumu kwenda Busia, watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, wamefuatilia mbu, dawa na chanjo kwa miongo kadhaa. Chanjo hukinga, lakini haimrudishii mtoto kile ambacho malaria iliyopanda kichwani imekwisha kuchukua. Utafiti wa Kampala uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba takriban mtoto mmoja kati ya wanne walionusurika malaria ya ubongo alikuwa bado na upungufu wa utambuzi miaka miwili baadaye.

Mwaka 2009 watafiti Paul Bangirana, Michael Boivin na wenzao walitoa matokeo ya kuwaketisha watoto kama hao wa Uganda mbele ya Captain's Log, programu ya mazoezi ya akili kutoka Marekani, kwa vipindi 16 katika wiki nane. Waliocheza walipata nafuu katika kumbukumbu na kasi ya kutenda. Ufundi wenyewe umo katika kipimo. Mtoto akipatia, mchezo uliosanifiwa vizuri humwongezea picha moja ya kukumbuka; akikosa, humpunguzia bila mlio wa kumwaibisha. Wengi hudhani uzuri uko kwenye picha. Picha ni pambo tu. Kazi ngumu ni ya yule aliyepanga ngazi ili mtoto akosee kidogo, asikate tamaa. Baadaye Chuo Kikuu cha Michigan State kilitengeneza Brain Powered Games kwa kuwafikiria watoto wa Afrika, na hilo ni jambo la haki: mtoto asilazimike kujifunza vitu vigeni kwanza ndipo azoeze kumbukumbu.

Wajaluo walikuwa na chombo cha namna hii kabla ya umeme: ajua, ubao wenye mistari miwili ya mashimo ambamo mchezaji hugawa mbegu shimo hadi shimo. Kwa mkono uliopigwa na kiharusi, kuchota mbegu kunadai kidole gumba na cha shahada vikutane. Kuzidondosha moja moja ni kugumu zaidi, maana vidole sharti vifunguke kwa kiasi. Kufikia shimo la mwisho huuvusha mkono upande wa pili wa mwili, na muda wote kichwa kinahesabu. Mashimo yakipanuliwa na mbegu zikiwa kubwa, hata mwenye ganzi hucheza. Asiyeona hupapasa, asiyesikia hutazama. Tena hakuna saa inayomharakisha mtu, jambo ambalo wabunifu wa michezo ya simu hulisahau mno.

Mchezo wa simu wenye lengo hilo hilo la kutibu unahitaji maelekezo ya sauti kwa Kidholuo na Kiswahili, vitufe vipana vinavyomvumilia mwenye kutetemeka, mtetemo sambamba na mlio, picha zinazoonekana juani, na uwezo wa kuchezwa bila intaneti. Mengi ya hayo ni nafuu yakiwekwa tangu mwanzo. Yakiongezwa programu ikiwa imekwisha kukamilika, mtengenezaji hulazimika kuifumua na kuiandika upya.