Mkono wa Mama katika Mashine ya Kuchora

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba mchoro uliotokana na kompyuta hauna mkono, na kwa hiyo hauna mtu. "Lettres de ma mère", yaani Barua za Mama Yangu, mfululizo alioufanya Vera Molnár huko Ufaransa kati ya 1981 na 1990, unayatia mashakani madai hayo.

Molnár (1924–2023), mzaliwa wa Budapest, alianza kutumia kompyuta mjini Paris mwaka 1968. Mama yake alimwandikia kila juma. Hati yake ilianza kushoto kwa nidhamu, yenye pembe kama hati ya Kigothi, kisha ikavurugika kadiri mstari ulivyoelekea kulia. Na miaka ilivyopita, vurugu ikaishinda nidhamu. Barua zilipokoma, binti alitunga programu ya kuuiga mwendo huo, na kalamu ya mashine ikauchora.

Hakuna neno hata moja linalosomeka humo; kwa mwanaisimu, hizo ni barua bure. Lakini aliyewahi kupokea barua ya mzazi aliyezeeka ataitambua mistari ile mara moja.

Kasoro iko kwingine. Kalamu ya mashine haikandamizi wala haichoki. Wino wake ni ule ule mwanzo hadi mwisho, na mtetemeko wote ni hesabu. Tena programu huweza kutoa barua nyingine na nyingine bila kikomo, ilhali mama aliandika moja kwa juma. Kadiri hiyo mashine haikuwa nayo. Ilimbidi Molnár mwenyewe aiwekee, kwa kuchagua karatasi ipi ibaki.