Mchoro wa atomi umeishia njiani

Mchoro wenyewe unaujua: vimpira vya rangi mbili vimebanana katikati ya atomi, protoni na nyutroni, basi. Mwanafunzi wa Kiegei, kule Nachingwea, akiutumia kueleza korosho, udongo au mkono wake mwenyewe, hakosei. Lawama yangu ni moja: tunaufundisha kana kwamba hakuna kingine kinachoweza kuingia humo.

Kinaweza. Mwaka 1952, huko Warsaw, Marian Danysz na Jerzy Pniewski walikuwa wakikagua mabamba ya picha yaliyopandishwa kwa puto ili yapigwe na miale ya kosmiki. Wakaona alama ya kipande cha kiini kilichosimama kwanza, ndipo kikavunjika. Ndani yake mlikuwa na lamda: chembe inayofanana na nyutroni, ila nzito zaidi kwa karibu asilimia 19, na yenye kwaki ngeni.

Utasema, lamda haidumu hata nanosekunde moja, ya nini kuhangaika nayo? Hapo ndipo vimpira vinapotuangusha. Kiini ni zaidi ya fungu la vimpira. Kina ngazi za nishati, kama siti za basi. Siti za mbele zikijaa nyutroni, nyutroni inayofuata lazima ikae nyuma. Lamda siyo nyutroni, kwa hiyo haizuiwi nazo. Inapita hadi siti ya kwanza kabisa. Kwa kupima imeshikiliwa kwa nguvu kiasi gani, tunapata habari za ndani ya kiini.

Na habari hizo zinahitajika mbali. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi. Ilisaidia kuonyesha kwamba baadhi ya vyanzo vya eksirei angani ni nyota za nyutroni. Ndani ya nyota hizo mgandamizo ni mkubwa mno, na huenda lamda zinazaliwa humo. Tatizo ni kwamba, kwa hesabu nyingi, lamda zikiwepo nyota inalegea na haiwezi kubeba uzito mkubwa. Lakini mwaka 2010 ilipimwa moja yenye uzito wa karibu Jua mbili! Fumbo hilo bado liko wazi.

Sisemi lamda ifundishwe kidato cha pili. Naomba sentensi moja tu chini ya mchoro: hivi ndivyo vilivyo vitu vinavyotuzunguka, kwingine bado tunatafuta. Mwanafunzi akiikosa, ataamini kazi imekwisha.